Seti ya Picha Tatu za Usurealisti: Magritte Kapita, Dalí Kabanwa, Fremu Imefeli

Mwenye haraka achukue hukumu yangu aende zake: Magritte nunua, Dalí usimnunue akiwa mkubwa, Max Ernst wa kwenye turubai mwache hukohuko dukani, na fremu usiagize nje hata ukipewa ya bure. Fundi wa mtaani kwako anatengeneza iliyo bora. Mwenye nafasi akae tuongee, maana pesa niliyotoa inauma na ningependa iwafae na wengine.

Kilichonunuliwa ni seti ya picha tatu zilizochapwa, kila moja sentimita 50 kwa 70, zikiwa tayari ndani ya fremu, kazi yako kutundika tu. Seti nzima ilinitoka kama shilingi 450,000. Duka ni la mtandaoni, lipo Ulaya. Silitaji, kwa sababu baada ya kununua nimeikuta seti hiyohiyo, fremu hiyohiyo, mpaka picha ya tangazo yenye kochi la kijivu hilohilo, kwenye maduka mengine chungu nzima. Wifi yangu anaishi Brussels. Mzigo ulifikia kwake, akaja nao likizo. Asiye na wifi ajipange, kwa sababu usafirishaji wa vitu vipana hivi ukiuweka pamoja na ushuru unaweza kuishinda bei ya picha zenyewe.

Kwa asiyewafahamu hawa watu, ni wachoraji wa usurealisti, mkondo wa sanaa ulioanzia Paris, na ilani yake ya kwanza aliitoa mwandishi André Breton mwaka 1924. Walikuwa wanaisaka ile hali ya ndotoni, ambapo vitu vya kawaida kabisa vinakaa mahali pasipo pake: saa inalegea, kichwa cha treni kinatokeza kwenye meko ya sebuleni, na hakuna anayeshangaa. Mimi zilinivutia kwa sababu ndogo tu. Sebule yetu ya Kigamboni ilikuwa na Ayatul Kursi, saa ya ukutani na kalenda ya benki, basi, na ukuta mrefu ulikuwa umebaki mtupu tangu tuhamie.

Nianze na Magritte, ambaye ndiye nina mengi ya kusema juu yake. Picha ni *L'Empire des lumières*, tuiite Himaya ya Mwanga. Chini ni usiku: nyumba iliyofungwa, miti myeusi, taa moja ya barabarani inawaka, madirisha ya juu yana mwanga, na mbele kuna maji yanayourudisha mwanga wa ile taa. Juu ni mchana kweupe, mbingu ya samawati na mawingu ya pamba. Hakuna kingine. Mgeni akiingia anaipita kama picha ya nyumba yoyote. Akishakaa, akapewa chai, jicho likarudi pale mara ya pili, ndipo anauliza, "Hivi hapa ni saa ngapi?" Sijaona picha nyingine inayofanya kazi hiyo kwa utulivu namna hii, na kwa sebule ndicho ninachokitaka. Picha ya kupiga kelele unaichoka kabla ya Idi.

Sasa tatizo. Magritte aliirudia picha hii miaka na miaka, ziko 17 za rangi ya mafuta, na haziko sawa. Ile ya 1950 iliyopo kwenye makumbusho ya MoMA, New York, imelala, kama sentimita 79 kwa 99, na haina maji. Ya Venice, kwenye makumbusho yaliyo ndani ya nyumba ya Peggy Guggenheim, mkusanyaji wa picha, imesimama na inakaribia mita mbili kwa urefu. Nyingine ya 1954 iliuzwa kwa mnada New York mwezi Novemba 2024 kwa zaidi ya dola milioni 121. Kwa hiyo ukiambiwa "nakala halisi ya Himaya ya Mwanga", uliza ya mwaka gani. Yangu imetokana na ile ya 1954 iliyopo kwenye makumbusho ya Brussels, sentimita 146 kwa 114.

Chukua rula. Picha ya 146 kwa 114 ukiipunguza hadi urefu wa 70, upana wake unatoka karibu 55. Fremu yangu ni 50. Hizo sentimita karibu 5 zimekwenda wapi? Zimekatwa pembeni, kushoto na kulia, ili picha iingie kwenye fremu ya kipimo cha kiwandani. Duka halikuandika popote. Miti ya pembeni imepungua, nyumba imesogea kama inabanwa na mlango wa daladala, na ule upana wa giza unaoifanya taa ionekane pweke umepotea. Ningekuwa sijaona nakala nyingine pengine nisingejua. Ila wifi, kama zawadi, aliniletea karatasi tupu isiyo na fremu, ya picha hiyohiyo, kutoka duka la makumbusho. Ni ndogo zaidi, wameiachia ukingo mweupe pande zote, na picha nzima imo.

Nikaziweka mezani pamoja, nikafungua dirisha. Tofauti ya pili ndiyo iliyonikata maini. Kwenye karatasi ya makumbusho, giza lina vitu ndani yake: unaona mbao za madirisha yaliyofungwa, unaona shina la mti linapoachana na ukuta, unaona maji yanapoanzia. Kwenye ya seti, weusi wote umeshikana ukawa doa moja. Mashine ya bei rahisi au faili bovu, sijali, matokeo ni kwamba nusu ya picha ya watu haipo. Picha ya giza ndiyo mtihani wa mchapaji. Mawingu meupe kila mtu anaweza kuyachapa.

Pamoja na hayo, bado nasema Magritte nunua, na sababu ni namna alivyokuwa akipaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alikuwa mchoraji kwenye kiwanda cha karatasi za kubandika ukutani, akaendelea kwa miaka mingi kutengeneza matangazo na mabango ili apate mkate. Mkono wake ni wa mtu wa matangazo: rangi imelala bapa, hakuna uvimbe, alama za brashi huzioni. Picha ya namna hiyo haipotezi kitu kikubwa ikihamia kwenye karatasi. Sisemi ni sawa na kusimama mbele ya yenyewe. Nasema kati ya hawa watatu, yeye ndiye anayefika kwako akiwa mzima zaidi, mradi mchapaji awe mwaminifu.

Jambo moja kuhusu kioo, na hili halihusu seti hii peke yake. Sehemu ya chini ya picha hii ni nyeusi, na kitu cheusi nyuma ya kioo ni kujitazama. Niliitundika kwanza ikitazamana na mlango wa baraza. Mchana kutwa nilikuwa naona mlango, nguo kwenye kamba, na feni inazunguka mahali palipotakiwa kuwa maji ya Magritte. Nikaihamishia ukuta wa pembeni, mwanga uingie kwa ubavu, ikatulia. Vipo vioo visivyorudisha mwanga, ila bei yake utasikia kizunguzungu. Hamisha picha tu.

Dalí. Zile saa zilizolegea, kila mtu anazijua hata asiyejua jina la mchoraji. Alizipaka mwaka 1931, na mwenyewe alieleza kwamba wazo lilimjia akitazama jibini la Camembert linavyoyeyuka. Wanangu wanasema ni joto la Dar mwezi wa pili, na siwapingi. Wengi wasichokijua ni kwamba picha yenyewe, iliyoko MoMA tangu 1934, ni ndogo sana: sentimita 24 kwa 33. Ni A4 iliyozidi kidogo. Mtu kaipaka kwa brashi ya unywele ili usogee, uinamie, upate mshtuko wako karibu na pua.

Duka wamemchukua huyo mtu wakamvuta mpaka 50 kwa 70. Eneo limekua zaidi ya mara nne. Kuna saa moja ya rangi ya chungwa, imefunikwa kifudifudi, na juu yake wamejaa sisimizi. Ndiyo saa pekee kati ya zile isiyolegea, na wale sisimizi wanaifanya ionekane kama kitu kinacholiwa. Kwenye nakala yangu sisimizi wamekuwa vidoa vya kahawia, huwezi kuhesabu hata mmoja. Nzi aliye juu ya saa ya ukingoni mwa meza ni kama kipele. Ukirudi nyuma hatua tatu picha inapendeza, ukisogea ina ukungu, na picha hii ilipakwa ili usogee. Majabali ya nyuma, yale ya pwani ya Catalonia alikokulia, ndiyo yametoka vizuri pekee.

Dawa yake ni kuagiza ndogo, kwa kipimo chake halisi, kisha fundi aizungushie kadi nyeupe pana ndipo aifunge kwenye fremu ya 40 kwa 50. Ukutani itaonekana kubwa vya kutosha kwa sababu ya ule weupe, na mgeni atainuka kwenye kochi aende kuiangalia. Nimeshamwagizia wifi. Hii kubwa nimeipeleka kwenye korido, pale taa ni hafifu.

Max Ernst sina mengi, ni masikitiko. Picha ni *Msitu na Njiwa* ya 1927, iliyopo kwenye makumbusho ya Tate, London: msitu mzito, na katikati njiwa mdogo ndani ya kitundu. Utamu wake wote uko kwenye ngozi ya picha. Ernst alikuwa anaweka turubai lenye rangi juu ya vitu vyenye mikwaruzo, kisha anaikwangua rangi ili alama za vile vitu zijitokeze, na miti ya msitu inazaliwa humo. Duka wamepiga picha ya huo mkwaruzo, wakauchapa bapa, tena juu ya kitambaa kinachong'aa chenye nyuzi zake chenyewe. Sasa una mikwaruzo ya uongo juu ya nyuzi za kweli, na vyote viwili vinagombana. Kwenye tangazo wanaiita "hisia halisi ya mchoro". Bora wangeichapa kwenye karatasi ya kawaida wakakiri kwamba ni karatasi.

Niliyempata baadaye badala yake ni Ernst huyohuyo, *Celebes* ya 1921, ambayo nayo ipo Tate, na hiyo naipendekeza kwa karatasi. Ni jitu la duara, la kijivu, lenye mkonga kama bomba na pembe, nusu tembo nusu mtambo. Umbo lake Ernst alilitoa kwenye picha ya ghala la udongo la nafaka kutoka Sudan. Baba mkwe, ambaye kakulia Singida, aliitazama akasema, "Hiki si kihenge mmekivalisha mguu?" Sikuwa nimemwambia chochote. Tangu hapo ndiyo picha anayowaonyesha wageni wake, na maelezo anayowapa ni yake mwenyewe, hayapo kwenye kitabu chochote.

Turudi kwenye fremu, maana hapa ndipo pesa yangu ilipozama.

Tangazo liliandika "fremu ya mbao". Masika yalipoingia, kona ya chini ya Magritte ikaanza kufumuka. Kigamboni upepo wa bahari haulali, na chumvi inaingia mpaka kwenye masufuria. Ile rangi ya mwaloni ilikuwa nailoni yenye mistari ya mbao iliyobandikwa, ikainuka kama gamba, ndani pakatokea unga uliovimba. Nilimpelekea fundi wangu wa Temeke. Akaigonga kwa kidole, akacheka.

"Mama, hii si mbao. Huu ni unga wa mbao na gundi, wameuvisha nguo. Huku kwetu hauvuki mvua mbili."

"Kioo je, fundi?"

"Kioo gani? Hii ni plastiki. Iguse."

Kweli. Mbele ni plastiki ngumu, nyepesi, ambayo kwa usafiri wa ndege ina maana kwa sababu haivunjiki, lakini inavuta vumbi, na ukiifuta kwa kitambaa kikavu inaota mistari. Tena picha ilikuwa imelaliana na hiyo plastiki, bila kadi katikati. Unyevu ulipopanda, karatasi ikapata mawimbi, na sehemu ya mawingu ikaigandia plastiki kwa mbele. Fundi aliibandua polepole, akatumia muda kuliko aliotumia kutengeneza fremu mpya. Kidoa kimebaki. Nyuma walikuwa wamefunga kwa hadibodi nyembamba na vibati vya kukunja, hakuna gundi ya karatasi pembeni, njia nyeupe kwa vumbi na wadudu.

Alichofanya fundi: fremu ya mninga, kona amekata vizuri akagongea misumari na gundi, kioo cha kweli, kadi nyeupe katikati ili karatasi isiguse kioo, hadibodi nene nyuma, kisha akaziba pembeni zote kwa karatasi ya gundi. Kwenye pembe mbili za chini amebandika vipande vya mpira ili fremu isilale ukutani, hewa ipite nyuma. Hicho kipande cha mpira sikukiona kwenye fremu ya nje hata moja, na kwa nyumba za pwani ndicho chenye maana kuliko vyote. Kwa picha moja alinitoza shilingi 60,000. Mninga bungua hawausumbui kirahisi, na rangi yake ya kahawia nyekundu inakaa vizuri na mbingu ya Magritte kuliko ule mwaloni wa bandia. Muda wake ni wa mafundi, sote tunaujua, lakini kazi ilitoka.

Kwa hiyo hesabu yangu ni hii: karatasi nzuri ya makumbusho, ambayo wifi anasema haikufika hata shilingi 80,000, pamoja na fundi wa Temeke, inatoka chini ya picha moja ya seti. Na karatasi inakunjwa kwenye mrija, inaingia kwenye begi la mkononi.

Kabla hujalipa, geuza karatasi au tazama ukingo wa chini. Magritte alifariki 1967, Ernst 1976, Dalí 1989. Kwa sheria za Ulaya haki za mchoraji zinaendelea miaka 70 baada ya kifo, kwa hiyo picha za Magritte bado zina mwenyewe mpaka mwisho wa 2037. Nakala iliyofuata taratibu ina mstari mdogo wenye alama ya hakimiliki, mara nyingi na jina la chama cha wasanii kama ADAGP. Ya makumbusho inao. Ya seti haina hata nukta. Na mtu akikuletea "Dalí yenye sahihi na namba" kwa bei ya kirafiki, mshukuru, mpe maji, mwache aende. Dalí uzeeni alisaini maelfu ya karatasi tupu, na wajanja wakachapa juu yake walichotaka, kwa hiyo hata sahihi ikiwa ya kweli haithibitishi chochote kuhusu picha.

Nyumbani, mama mkwe ndiye alikuwa mtihani. Anasali sebuleni, na picha za viumbe hazitaki mbele yake. Himaya ya Mwanga haina mtu wala mnyama, ikapita bila mjadala. Aliuliza tu kama taa ile imeachwa ikiwaka bure. Dalí ana lile umbo la katikati linalofanana na uso uliolala, naye akaliona kabla yangu, ndiyo sababu nyingine ya korido. *Celebes* ipo chumba cha baba mkwe. Nilifikiria pia *Kioo cha Uongo* cha Magritte, jicho moja kubwa lenye mawingu kuzunguka mboni nyeusi. Wifi akanikatalia simuni: "Uweke jicho ukutani kwa mama? Watu watasema tunakodolewa." Nikaacha.

Alama: karatasi na uchapaji wa seti, mbili na nusu kati ya tano, kwa ajili ya mawingu na majabali. Fremu, sifuri. Ufungaji wa mzigo ulikuwa mzuri, kona zote zilikuwa na sponji, wapewe haki yao. Nakala ya makumbusho, nne na nusu, na hiyo nusu nimeipunguza kwa sababu hawaichapi kwa kipimo kikubwa.

Jirani aliyeiga ameniuliza kuhusu kutundika. Fremu ya mninga yenye kioo ni nzito, msumari wa kawaida kwenye plasta utaanguka nayo. Toboa kwa drili mpaka kwenye tofali, weka plagi na skrubu, mbili kwa kila picha, na usitundike kwenye ukuta unaopigwa na mvua kwa nje.